Mbonyeo wa Mlango wa Nyuma

Sehemu ya Sita

Tulimwacha Karani amesimama dirishani ofisini kwake, Jumatatu, saa nne asubuhi, simu kaibana sikioni, akimsikiliza rafiki yake akikohoa upande wa pili. Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba Breki hakohoi bure.

Kwa waliojiunga nasi leo: Breki ni fundi wa redio za magari na rafiki wa Karani tangu darasa la pili. Jina hilo alilipata kwenye uwanja wa mpira, kwa kuwa hapakuwa na mshambuliaji aliyempita akabaki wima. Halihusiani na kuendesha gari, na baada ya leo hakuna atakayedhani linahusiana.

"Gari lipo," alisema Breki alipomaliza kukohoa. "Kuanzia milangoni kurudi nyuma, lipo lote."

Karani aliuliza kuhusu mbele.

"Mbele ndiko nilikotaka tuzungumzie."

Wakazungumza. Breki alieleza kwamba lori la mchanga lilimtokea ghafla. Karani ametunza mafaili ya ofisi ya maji kwa miaka kumi na tisa na hapendi maelezo ya nusunusu, kwa hiyo alitaka kujua lori hilo lilitokea upande gani. Breki alisema kwa kweli halikutokea upande wowote, lilikuwa limeegeshwa. Tangu lini? Wenyewe wanasema tangu Alhamisi.

Breki hakuumia hata ukucha. Wakati wa tukio alikuwa ameinama, akitafuta stesheni.

Sasa, gari kugonga lori si jambo la kumkosesha mtu usingizi. Lakini gari hili halikuwa la Karani. Lilikuwa la marehemu baba yake, na kwa hiyo lilikuwa la Mama.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa miaka sita alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha bafuni. Kila Jumapili Karani alimpeleka kumsalimia dada yake. Kila Jumapili Mama alilizunguka gari taratibu, kiganja kikiteleza ubavuni, mpaka kilipokuta mbonyeo chini ya kitasa cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto.

Mbonyeo huo ulikuwa na upana wa bakuli la mchuzi. Baba aliupata siku aliyokata kona vibaya akiingia nyumbani, akagonga nguzo ya geti. Mtaa mzima uliijua habari hiyo, kwa sababu Baba mwenyewe aliisimulia kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza, na kwa wengine ambao hawakuwa tayari.

Mama akishaupata mbonyeo husimama kidogo, akaupapasa, kisha akafungua mlango na kuketi. Karani hugeuza uso pembeni muda huo ukifika. Aliamini mama yake anasalimiana na mumewe.

Wiki tatu zilizopita Mama alipanda basi kwenda kupasuliwa macho, akisindikizwa na mke wa Karani. Kabla ya kupanda alimshika mwanawe mkono.

"Nikirudi, nataka nilitazame gari la baba yako kwa macho yangu. Kama alivyoliacha. Usilipambe, usilibadilishe, usimpe mtu."

Karani aliahidi. Akaitunza ahadi hiyo kwa wiki mbili na zaidi, bila tatizo lolote. Kisha Jumatatu wakaguzi wakaja ofisini, gari likahitaji kuoshwa, na Breki akasema ana nafasi.

Mama alikuwa anarudi Jumamosi.

*

Mchana huohuo gari lilivutwa mpaka gereji ya Pasi.

Pasi ni fundi wa bodi. Anaitwa hivyo kwa sababu bati likitoka mikononi mwake huwa limenyooka kabisa, halina hata kivuli cha mkunjo. Ana nyundo saba, amezitundika ukutani kwa ukubwa, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Alilizunguka gari mara mbili, akachuchumaa, akasimama.

"Lilikuwa linakwenda wapi?"

"Kuoshwa," alisema Breki.

Pasi alitikisa kichwa kama daktari aliyesikia alichotegemea. Kisha akatoa maelezo yake, ambayo hayakuwa marefu. Boneti la gari hili halitengenezwi tena. Taa zake hazitengenezwi tena. Rejeta yake aliiona mara ya mwisho kabla hajaoa, na sasa ana wajukuu. Kilichokuwepo ni pua.

Pua, kwa mafundi wa bodi, ni sehemu yote ya mbele ya gari jingine, iliyokatwa karibu na milango, pamoja na taa zake, rejeta yake na kila kilichomo. Pasi alikuwa na pua moja nyuma ya gereji, ya gari la kampuni hiyohiyo lakini la miaka kumi baadaye. Ingekaa. Ingekaa hata vizuri kuliko ya kwanza, kwa sababu ilikuwa na taa kubwa na pampu ya kulainisha usukani.

Karani alisema hataki usukani laini. Anataka gari kama lilivyoachwa.

Pasi hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba njia zipo mbili, gari lenye pua ngeni au gari lisilo na pua, na kwamba yeye atakuwa hapo mpaka saa kumi na moja.

Karani aliogopa. Si woga wa mtu mzima anayepiga hesabu ya hasara, ni woga uleule wa utotoni, wa kusubiri Mama arudi nyumbani akute sahani imevunjika. Na tumwelewe: Karani ni mtu ambaye maisha yake yote jambo likija kwa kasi hukaa kando lipite. Hili halikuwa na kando ya kukaa.

Akakubali pua. Lakini jioni hiyo aliketi mezani akaandika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuguswa. Ilikuwa na kurasa mbili na vipengele thelathini na kimoja. Vitambaa vya viti. Saa ya dashibodi, iliyosimama saa tisa na dakika kumi, iendelee kusimama saa tisa na dakika kumi. Kitasa cha dirisha kilichofungwa kwa waya, pamoja na waya wake. Kipengele cha thelathini na moja kilikuwa harufu.

Pasi aliisoma orodha yote, akauliza harufu anatakiwa kuitunzaje. Karani alimwambia asifungue madirisha.

Mbonyeo haukuwemo kwenye orodha. Karani huorodhesha vilivyopo, na mbonyeo, ukiufikiria sana, ni mahali ambapo bati halipo.

*

Jumanne pua iliunganishwa. Jioni mke wa Karani alipiga simu kusema jicho la pili limekwenda vizuri, Mama anakula, na anauliza habari za gari.

"Lipo," alisema Karani.

Jumatano likazuka la rangi. Gari lilikuwa la kijani, pua ilikuwa nyeupe. Pasi alifanya kama kawaida ya kazi yake, akafungua skrubu mbili, akakitoa kile kifuniko kidogo cha kwenye mdomo wa tangi la mafuta, akakipeleka kwa mchanganyaji ili rangi mpya ilinganishwe nacho. Mchanganyaji naye alifanya kama kawaida ya kazi yake. Alikigeuza kifuniko, akalinganisha na upande wa ndani, ambao haujawahi kuona jua.

Kwa hiyo pua ikatoka kijani cha siku gari liliponunuliwa, na gari lililobaki likawa kijani cha miaka ishirini na minne juani. Ukilitazama kwa mbali ungedhani magari mawili yameegeshwa moja nyuma ya jingine.

Pasi alimpigia Karani kazini. Arudishe pua kwenye uzee, au alipeleke gari lote kwenye ujana?

Karani aliwaza. Mara ya mwisho Mama kuona vizuri, gari lilikuwa tayari limepauka. Sasa angeliona lilivyokuwa siku Baba alipolileta nyumbani na kupiga honi mpaka majirani wakatoka nje. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alihisi kitu kinachofanana na furaha.

"Paka lote," alisema, akarudi kwa wakaguzi wake akiwa amechangamka.

Hakuna fundi wa bodi anayepaka rangi juu ya bati lililobonyea. Jambo hilo Karani hakulijua, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mafundi wote wanalijua.

*

Ijumaa saa saba mchana alifika gereji. Gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni, na kusema kweli lilikuwa zuri. Taa kubwa mbili, boneti imelala sawasawa, kijani kibichi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani saa ilisema saa tisa na dakika kumi. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Breki alikuwepo, na alikuwa na zawadi. Kwa kuwa kosa lilikuwa lake na kazi yake ni kufunga vifaa vya magari, alifunga kidude nyuma, chini ya bampa. Gari likirudi nyuma, mwanamke mwenye sauti ya upole alisema: Tahadhari, gari linarudi nyuma.

Karani alimwagiza akitoe mara moja. Breki alisema atakata waya, ni dakika moja tu.

Kisha Karani akalizunguka gari kama Mama anavyolizunguka, kiganja ubavuni. Kiganja kiliteleza kutoka taa ya nyuma hadi mlango wa mbele bila kukutana na kitu. Akarudi. Akafumba macho, akajaribu tena.

"Ule sikuuhesabu," alisema Pasi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu afahamiane naye, Karani alimwona akitabasamu. "Chukua kama zawadi."

Karani aliketi kwenye tairi. Alikaa hapo muda wa kutosha mpaka Pasi akaacha kutabasamu. Kisha akaeleza yote, Jumapili, kiganja, kusimama kidogo, na mama ambaye kesho asubuhi atautafuta mbonyeo wake na hataupata.

Pasi alisikiliza. Alikuwa mtu wa moyo, na ilionekana imemuuma. Lakini alipoombwa aurudishe mbonyeo, alikataa.

"Miaka ishirini na sita nanyoosha," alisema. "Nikichukua nyundo nibonyeze, mkono utaninyima kazi kesho. Kubonyeza tafuta mtu mwingine."

Hapakuwa na haja ya kutafuta mbali. Wote wawili walimgeukia Breki.

*

Nguzo ya geti la nyumbani ni ileile, ya chuma, ina bawaba nene iliyotokeza kama ngumi. Bawaba hiyo ndiyo iliyotengeneza mbonyeo wa kwanza. Karani alichora duara la chaki mlangoni, chini ya kitasa, pale hasa palipotakiwa. Kazi ya Breki ilikuwa ndogo: akate kona ya kushoto kuingia getini, abane mno, aguse nguzo.

Mara ya kwanza alipita bila kugusa. Nafasi ya kiganja kimoja kati ya mlango na bawaba, safi kabisa.

Mara ya pili alipita vizuri zaidi.

Mara ya tatu Pasi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kando ya barabara na kopo lake la rangi, alisema kwamba kijana anaendesha vizuri. Kijana ana miaka arobaini na tatu. Aliteremka akiwa anatokwa jasho, akalalamika kwamba tatizo ni usukani. Umekuwa mwepesi mno. Ukiupeleka unakwenda, ukiuachia unarudi wenyewe, gari linanyooka kabla hujakosea.

Karani alilitazama gari, akaitazama nguzo, akamtazama mtu aliyegonga lori lililosimama siku nne.

"Washa redio," alisema. "Halafu tafuta stesheni."

Breki aliinama kutafuta stesheni. Mlango uliingia kwenye bawaba katikati ya duara la chaki, kwa sauti moja nzito. Hata rula isingepata kosa.

Pasi alikuwa amegeuka kutazama upande mwingine. Baada ya muda alikuja, akaufuta mlango, na kwa kuwa hawezi kuacha bati wazi likashika kutu, alizipaka nyufa rangi kwa brashi ndogo, taratibu. Alipomaliza akafuta brashi nguzoni, kama mafundi wa rangi wanavyofuta brashi kwenye chochote kilicho karibu, akachukua kigoda chake akaondoka.

*

Jumamosi, saa tano asubuhi, stendi ya mabasi.

Mama aliteremka akiwa amevaa miwani myeusi, mkononi kashika mkoba, na nyuma yake mkwewe na mabegi mawili. Karani alimwamkia, shikamoo Mama, akaitikiwa. Mama aliivua miwani, akamtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kutazamwa.

"Una upara," alisema.

Karani alikiri.

"Tangu lini?"

Mwaka wa nne sasa. Mama alisema ilifaa aambiwe, akavaa miwani yake, akaligeukia gari.

Mama aliitazama pua. Alizitazama taa kubwa. Alitazama rangi, akasogea, akaiweka mikono nyuma mgongoni kama mtu anayesoma tangazo. Kisha alifanya jambo ambalo Karani hakulitegemea: aliyafumba yale macho yaliyomgharimu wiki tatu za hospitali, akanyoosha kiganja, akaanza kuzunguka.

Kiganja kilipita taa ya nyuma. Kikapita tangi. Kikafika chini ya kitasa cha mlango wa kushoto, kikasimama.

Mama alikaa hapo, macho yamefumbwa. Akapapasa mara moja. Akapapasa mara ya pili, polepole, kwa vidole. Kisha akafungua mlango, akaketi.

Karani akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Jumatatu. Njia nzima Mama alizungumzia mambo mengine. Alisema mti wa kona umekatwa. Alisema shule imepakwa rangi mbaya. Aliuliza kama mwanamke anayeuza viatu ni yuleyule, na alipoambiwa ndiye, alisema basi wote tumezeeka. Mke wa Karani alimtazama mumewe kwenye kioo, naye Karani akamrudishia sura ya mtu asiye na hatia.

Walipofika nje ya geti, Mama alisema: "Simama kwanza. Nataka nione nyumba."

Aliteremka. Aliitazama nyumba, ukuta, paa. Breki, aliyekuja kusaidia mabegi, alitoka uani akamwamkia kwa heshima nyingi kupita kawaida. Mama aliitikia bila kumtazama, kwa sababu alikuwa anatazama nguzo.

Kwenye nguzo, usawa wa bawaba, kulikuwa na tone nene la kijani.

"Hii imegongwa na nani?" aliuliza.

Karani alianza ile habari inayojulikana, kwamba Baba, zamani, alipokuwa anakata kona. Mama aligusa kile kijani kwa kidole cha shahada. Akakigeuza kidole, akamwonyesha mwanawe. Kilikuwa kimeshika rangi mbichi.

"Baba yako ana miaka tisa kaburini," alisema Mama. "Rangi yake ingekuwa imekauka."

Karani hakuwa na faili la jambo hili. Akasema yote, pale barabarani, kuanzia wakaguzi mpaka stesheni. Alimtaja Breki, alijitaja mwenyewe, akasema aliahidi na hakutimiza, na kwamba hajui atamwangaliaje tena. Breki alikuwa ameinamisha kichwa. Mke wa Karani aliweka mabegi chini.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta kidole kwenye leso.

"Kwa hiyo mbonyeo wangu umenyooshwa," alisema.

Karani alidhani hakusikia vizuri. Akauliza, wake kivipi.

"Wangu. Mimi ndiye niliyegonga. Baba yako alikuwa ananifundisha kuendesha, kwa siri, mchana watu wakiwa kazini. Kona hiihii. Usukani wa gari lile ulikuwa mzito kama kusukuma kabati. Nikaupeleka, ukakubali. Nikaurudisha, ukakataa."

Aliikunja leso.

"Majirani walipotoka, baba yako akasema ni yeye. Alisema vizuri sana, mpaka akazoea. Hakunipa usukani tena, ila si kwa ubaya, aliona ananisitiri. Na mimi sikuomba. Nyinyi mkiniona Jumapili napapasa pale, mnadhani namkumbuka marehemu. Namkumbuka, ndiyo. Lakini pia nilikuwa naikumbuka kona yangu, ambayo sikuimaliza."

Karani alihisi aibu ya aina nyingine sasa, ya mtu aliyegeuza uso pembeni kila Jumapili miaka yote hiyo na hakuuliza hata mara moja.

Mama alimgeukia Breki kwa mara ya kwanza.

"Ati usukani umekuwaje?"

"Mwepesi, Mama," alisema Breki kwa sauti ndogo. "Hata kidole kimoja kinatosha. Unarudi wenyewe."

Mama alinyoosha mkono kwa mwanawe, kiganja juu.

"Nipe ufunguo."

Karani alimtazama mkewe, akitafuta msaada wa hospitali. Mkewe alifikiri kwa uaminifu. Akasema daktari alikataza kuinama, kunyanyua vitu vizito na kusugua macho. Habari za kuendesha hakuzitaja.

Ufunguo ukatoka.

Mama aliketi mbele, upande ambao hakuukalia tangu siku ile. Alisogeza kiti. Aliugeuza usukani kwa kidole kimoja, kulia, kushoto, akaangalia jinsi unavyorudi, na uso wake ukawa uso ambao Karani hakuwahi kuuona. Akawasha. Akakanyaga klachi, akatafuta gia ya nyuma, akaipata mara ya pili.

"Tahadhari," alisema mwanamke wa chini ya bampa. "Gari linarudi nyuma."

Breki alifumba macho. Alikuwa amekata waya, ila si ule.

"Mwambieni nimesikia," alisema Mama.

Gari likarudi mpaka upande wa pili wa barabara, likasimama. Taa zile kubwa sasa zilikuwa zinatazama geti kwa mshazari. Karani, kwa kuwa lazima mtu afanye kitu, alikimbilia kwenye nguzo ya kushoto akasimama mbele yake, mikono juu, tayari kuelekeza. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Hapohapo. Usisogee. Baba yako alisimama hapohapo ulipo. Nilipokaribia akaruka pembeni, na alivyoruka sikujua tena nguzo iko wapi."

Karani aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama basi yeye akae tu.

"Kaa nikuone," alisema Mama, akaivua miwani myeusi akaiweka juu ya dashibodi, karibu na saa iliyosimama. "Siku hizi naona."

Gia ya kwanza iliingia. Gari likavuka barabara, polepole, kisha si polepole sana. Mke wa Karani akamwita mumewe kwa jina lake la nyumbani. Breki alisema kitu kuhusu klachi. Usukani ukaenda kushoto, ukaenda wote, na pua ngeni ya Pasi ikapita mbele ya tumbo la Karani kwa nafasi ya kiganja. Mlango wa mbele ukafuata. Sasa ulikuwa unakuja mlango wa nyuma, na mbonyeo wake, na kilichobaki ni usukani kurudi.

Karani aliihisi bawaba mgongoni. Pembeni palikuwa na nafasi ya kutosha ya kurukia.

Hakuruka.